Lori la Tani Saba

"Nimenunua lori la tani saba la mchanga." Katika sentensi hiyo, tani saba ni za nani: za lori au za mchanga? Nilipokuwa kazini ningelitoa swali hili kama zoezi la a-unganifu na kulisahau kengele ilipolia. Baada ya kustaafu na kuanza kujenga, nililipia jibu lake.

Lori la kwanza lilimwaga, nami nikamwuliza dereva iwapo tani zimetimia. "Shikamoo, Mwalimu. Gari lenyewe si unaliona ni la tani saba?" Hakusema uongo. Saba hiyo ni sifa ya lori, yaani uzito linaoweza kuubeba. Kuhusu mchanga haituambii chochote.

La pili nililipima kwa tepu ya fundi kabla halijamwaga. Bodi ilikuwa na urefu wa mita 3.5 na upana wa mita 2, na mchanga ulifika kimo cha nusu mita: jumla mita za ujazo 3.5. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu usioshindiliwa huwa na takriban kilo 1,600. Nilikuwa nikiletewa tani 5.6 kwa bei ya 7.

Nashikilia kwamba kosa langu lilikuwa la lugha kabla ya kuwa la hesabu. Wazee wetu walitenga mambo haya. Kibaba, kisaga na pishi vilikuwa vya kujaza. Wakia, ratili na frasila vilikuwa vya mizani. Methali nayo yasema haba na haba hujaza kibaba, haisemi hukitia uzito. Sisi tumerithi ujazo na uzito, tukayafanya visawe. Fundi hukuambia "ndoo ya kilo ishirini" akiwa na maana ya lita 20. Ni kilo 20 ikiwa na maji. Ukiijaza saruji hukaribia kilo 28. Mchanga mkavu, kilo 32. Kinachotofautisha ni densiti, neno ambalo baadhi ya wenzangu hulichukia kwa ugeni wake. Mimi nimelipokea, afadhali neno geni kuliko fikra isiyo na jina.

Unyevu nao huzidisha utata. Mchanga wenye maji kidogo hufura, kwa kuwa utando wa maji huzitenga chembe, na ujazo waweza kuongezeka kwa robo. Ndoo nne za mchanga huo hazina zaidi ya ndoo tatu na kidogo za mchanga mkavu. Ukinunua kwa ujazo unalipia hewa. Ukinunua kwa uzito unalipia maji. Saruji haina fumbo hilo: mfuko wa kilo 50 ni takriban lita 35, hivyo zege ya moja kwa mbili kwa nne hutaka lita 70 za mchanga na 140 za kokoto.

Nimeambiwa kwamba mchanga si mada ya ukumbi wa washairi. Lakini sisi ndio tunaogombana kwa mizani moja iliyozidi katika mshororo. Sioni kwa nini tuinyamazie tani nzima na ushei iliyopungua kwenye lori.

Lori la tatu niliagiza mita za ujazo nne. Dereva alikubali, kisha akaniuliza, kwa adabu, hizo ni tani ngapi.