Simu ialike, mkono ushukuru

Kadi ya harusi ya Dar es Salaam siku hizi haisomwi, inaskaniwa. Mgeni anafika mlango wa ukumbi, anafungua WhatsApp, kijana wa mlangoni anaelekeza simu yake kwenye ule mraba wa vidoti vyeusi, simu inalia, mgeni anaonyeshwa meza. Basi. Kama kadi ni ya wawili naye amekuja na wa tatu, hapo ndipo mazungumzo huanza.

Wapo wanaoililia kadi ya karatasi. Wanasema kumwalika mjomba kwa picha ya simu ni kumvunjia heshima. Wanalia kwenye kaburi lisilo lao. Kadi ya mwaliko, ile ya manila inayong'aa yenye utepe na herufi za dhahabu, ilishageuka tiketi miaka mingi kabla ya simu janja. Ilitolewa mchango ukishakamilika na mhazini akishatia tiki kwenye daftari. Iliandikwa "singo" au "dabo" kulingana na kiasi alichotoa mtu. Mlangoni ilikusanywa ikatupwa kwenye boksi. Tiketi kuhamia kwenye simu hakukumnyima mtu kitu, na kamati imeokoa fedha za kuchapisha na petroli ya kuzungusha bahasha kutoka Mbagala hadi Bunju.

Kadi inayokosekana ni ya baada ya shughuli. Mtu amechanga, amekaa vikao sita, ametoa gari lake, mkewe amekesha jikoni na sufuria za pilau. Wiki mbili baadaye anachopata ni ujumbe mmoja uliorushwa kwenye kundi la watu mia mbili, "Kamati inawashukuru wote," kisha kundi linafungwa. Msibani hali ni hiyo hiyo: shukrani za familia husomwa kwa kipaza sauti watu wakiwa wameshaanza kunyanyua viti. Hapo ndipo karatasi, wino na mkono wa mtu vingekuwa na kazi, na hapo ndipo havionekani.

Kadi ya salamu yenyewe, tukisema ukweli, ilizaliwa na mtu aliyeelemewa na shughuli. Mwaka 1843 Henry Cole wa London, ofisa wa serikali aliyekuwa ameshiriki kuanzisha posta ya peni moja miaka mitatu nyuma, alijikuta na rundo la barua za Krismasi asizoweza kuzijibu. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja ya kuwajibu wote. Zikachapwa takriban nakala 1,000, zikatiwa rangi kwa mkono, za ziada zikauzwa shilingi moja kila moja, bei ambayo kibarua wa wakati ule asingeigusa. Picha yenyewe ilizua maneno: familia imeinua glasi za divai, na mtoto mdogo naye ananyweshwa. Mwaka 2001 nakala moja kati ya zile iliuzwa mnadani Uingereza kwa zaidi ya pauni 20,000. Ilikuwa ile ambayo Cole alimpelekea bibi yake.

Uingereza ilikuwa na tarishi wa kufikisha kadi hadi mlangoni. Afrika Mashariki barua huishia kwenye Sanduku la Posta, ambalo familia nyingi hazina. Kwa hiyo kadi huku hupelekwa kwa mkono: mtoto anatumwa, kondakta wa basi anapewa, bodaboda anaelekezwa kwa mti wa mwembe na duka la Mpemba. Watu wa kufikishiwa namna hiyo hawawezi kuwa mia tatu, lakini thelathini wanawezekana, na kadi thelathini mtu anazimaliza mezani kwake Jumamosi moja.

Anazimalizaje? Kuna kazi tatu: kupiga muhuri, kunyanyua nakshi, na kukata kwa kisu cha umbo. Hakuna inayohitaji chuo.

Muhuri kila mtu anaujua, kwa sababu barua ya mtendaji wa kata bila muhuri ni karatasi tu. Neno lenyewe lina asili ya Kiajemi, na mwenzake "chapa" lilitoka Bara Hindi. Yote mawili yalifika pwani na biashara ya bahari. Wanahistoria wa mavazi wanaeleza kuwa baadhi ya kanga za mwanzo, kabla viwanda vya ng'ambo havijaikamata biashara hiyo, zilipigwa chapa kwa mkono kwa vibao vya mbao vilivyochongwa. Anayechovya kibao kwenye wino na kukibonyeza kwenye manila anafanya kazi ambayo pwani hii iliijua kabla ya kujua reli.

Kosa kubwa la wanaoanza leo ni kununua mihuri iliyokwisha tengenezwa, yote imeandikwa Kiingereza, kana kwamba shangazi wa Tanga hashukuriki mpaka kwa lugha ya watu. Ufutio wa shule na wembe vinatosha. Neno ASANTE lichongwe kinyume, kama linavyoonekana kwenye kioo: herufi ya mwisho inakuwa ya kwanza, na kila herufi inageuzwa. A na T hazina taabu, zinafanana pande zote mbili. S, N na E ndizo zinazoumbua. Mchongaji mgeni huigeuza S, akajipongeza, akaisahau N, na hagundui mpaka wino umeshagusa karatasi. HONGERA ni ngumu zaidi kidogo: H, O na A hazina kushoto wala kulia, lakini N, G, E na R zote zinaumbua. Anayeanza aanze na ASANTE.

Nakshi ya kunyanyuka ina njia mbili, na ya kwanza ni tamasha. Fundi anapiga muhuri kwa wino mnato usiokauka upesi. Kabla haujakauka anaumwagia unga laini unaoyeyuka kwa joto, wa dhahabu tuseme, kisha anaukung'uta ule usionasa urudi koponi. Kilichobaki kwenye karatasi kinafanana na vumbi, hakivutii hata kidogo. Kisha anapeleka joto. Sekunde kadhaa hakuna kinachotokea. Halafu pembe moja ya herufi inalowa, inang'aa, na ule mng'ao unatambaa kutoka herufi hadi herufi kama mafuta yanavyotanda kikaangoni, mpaka neno zima linasimama juu ya karatasi na kidole kinaweza kulisoma gizani.

Kikaushia nywele hakifai kwa kazi hii. Kinapeperusha unga kabla ya kuuyeyusha, na joto lake halifiki. Asiye na mashine ya hewa ya moto huigeuza pasi uso juu, akaishika karatasi sentimita chache juu yake ili joto lipite kwa nyuma. Adui ni jasho. Kwenye unyevu wa Dar au Mombasa kidole kikigusa karatasi tu, unga hunasa pale pale, na pasi ikishafanya kazi yake alama ya kidole inabaki ya dhahabu pembeni mwa neno. Ndiyo maana wazoefu huipitishia karatasi poda kidogo kwanza, hii hii ya mtoto, wakaipangusa, ndipo wapige muhuri.

Njia ya pili haina moto wala unga. Umbo linakatwa kwenye kadibodi ngumu, linabandikwa kwenye kioo cha dirisha mchana, karatasi inawekwa juu yake, mwanga unaonyesha pa kupita, na kalamu iliyokwisha wino inafuata kingo taratibu. Karatasi ikigeuzwa, umbo limetokeza. Ya fotokopi, ya gramu 80, itachanika. Manila ya gramu 200 na kuendelea inavumilia. Nyota, jahazi, jani la mwembe, ua la mlango wa Unguja: vyote vinatoka hivyo, vyeupe juu ya cheupe, na vinaonekana vizuri zaidi mwanga ukija kwa ubavuni. Kwa kadi ya rambirambi hakuna mapambo yanayofaa kuliko haya.

Kukata kwa kisu cha umbo ndiko kunakotisha watu kwa sababu kuna mashine. Mashine yenyewe ni binamu wa ile ya kukamulia juisi ya miwa: roli mbili, mkono wa kuzungusha, na kitu kinachobanwa katikati. Badala ya muwa hupita bamba la plastiki, kisu chembamba cha chuma kilichokunjwa kwa umbo la ua au kipepeo, karatasi, na bamba jingine. Likitoka upande wa pili umbo limekatika, kingo safi, na la hamsini linafanana na la kwanza. Kazi hii ilikua kwenye viwanda vya viatu vya karne ya 19, vilivyotaka soli zinazolingana. Wachapaji wakubwa wanaifanya hadi leo kwa mashine nzito, wakitumia ubao uliochomekwa visu vya chuma na kuzungushiwa sponji za kuisukuma karatasi isikwame. Fundi wa mezani asiyeweza kuagiza mashine ndogo anaweza kukata kwa mkasi mdogo. Maumbo yatapishana kidogo, na hilo si kasoro katika kadi ya shukrani.

Si kila kinachoitwa kadi ya mkono kinastahili jina hilo. Ulaya na Marekani ufundi huu umekuwa biashara kubwa ya kuuza vifaa, na mtu anaweza kujaza kabati zima unga wa rangi arobaini asitengeneze kadi arobaini. Matokeo yake ni kadi zenye tabaka nane, vifungo, riboni na lulu za plastiki, nene kiasi cha kukataa bahasha. Madukani Dar na Nairobi ugonjwa huu umeshaingia: stika za kiwandani zinabandikwa kwenye manila, inawekwa bei ya ufundi. Nakshi moja na neno moja linalosomeka vinazidi hayo yote.

Kuna mfano wa zamani unaofaa kuangaliwa. Esther Howland, binti wa muuza vifaa vya kuandikia wa Worcester, jimbo la Massachusetts, alipokea kadi ya Valentino kutoka Uingereza muda mfupi baada ya kumaliza masomo mwaka 1847. Ilikuwa ya karatasi iliyokatwa na kunyanyuliwa nakshi kama lesi. Akatengeneza sampuli zake, akampa kaka yake aliyekuwa akisafiri kuuza bidhaa, akitumaini oda za dola 200. Inasimuliwa kaka huyo alirudi na oda za dola 5,000. Howland akawaita rafiki zake wa kike nyumbani, akawapanga mezani: mmoja anakata, mwingine anagundisha, mwingine anapamba, kadi ikapita mkono hadi mkono.

Meza kama ile inawezekana katika kila mtaa wenye kamati ya harusi, na Iringa kuna jirani yake wa karibu. Kituo cha Neema Crafts, chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Ruaha, kilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi, na kazi zake za mwanzo zilikuwa karatasi za mkono zenye nyuzi za kinyesi cha tembo. Anayecheka akumbuke tembo hula nyasi na magome, na nyuzi zinazobaki baada ya kuoshwa na kuchemshwa ni nyuzi kama nyingine. Karatasi ya namna hiyo ina mikwaruzo, na muhuri mwembamba ukipigwa juu yake wino hutawanyika. Dawa ni kupiga muhuri kwenye kipande cha manila laini, kukikata, kisha kukibandika juu ya ile yenye nyuzi. Wauza zawadi wa pwani na wa Kampala wamekuwa wakifanya karibu hivyo hivyo kwa majani makavu ya mgomba miaka mingi, ila wateja wao karibu wote ni watalii. Mtalii anarudi kwao na kadi ya mgomba; mwenyeji aliyeupanda mgomba hajawahi kuandikiwa hata moja.

Hesabu yake si ya kutisha. Karatasi moja ya A4 ikikatwa katikati inatoa kadi mbili, kila moja ikikunjwa inakuwa ya milimita 105 kwa 148 na inaingia kwenye bahasha ya kawaida. Kadi thelathini ni manila kumi na tano. Mkunjo upitishiwe kwanza mgongo wa kisu, vinginevyo manila hupasuka weupe kwenye mstari. Ndani yaandikwe kwa kalamu mambo mawili tu: jina la mtu, na kile hasa alichofanya. "Shangazi, ule mchele uliotoka kwako Kyela ndio uliookoa sherehe." Mashine hazijui habari ya mchele huo.

Kamati itakayokaa Jumapili hii kupanga bajeti, ikishamaliza ukumbi, chakula, MC na mapambo, iongeze mstari mmoja chini ya daftari: manila kumi na tano, wino, ufutio mmoja na nauli ya bodaboda. Na bibi harusi na bwana harusi, kabla kundi la WhatsApp halijafungwa, wanakili majina ya watu thelathini.