UKURASA WA FUNDI: Gari ikitetemeka wakati wa kuondoka

Mwezi huu tunaongea na wenye gari za zamani za vitesi vya mkono, zile Toyota Corolla, Hilux na wenzake, zinazobeba watu na mizigo kati ya Butembo na Beni. Njia ni kilomita 54 tu. Lakini Butembo ni mji wa vilima, na kuondoka kwenye mlima na gari iliyojaa ni kazi nzito kwa ambreyaji.

Pengine jambo hili umeliona: unatia vitesi ya kwanza, unaachilia pedali polepole, na gari yote inatetemeka kama mtu mwenye homa. Ikishaanza kutembea, inatulia. Hapo kila mtu anakuwa fundi: «Diski imekwisha, nunua ingine!» Basi pesa ya masomo ya watoto inatoka, diski mpya inawekwa, na kiisha mwezi mmoja mtetemo unarudi. Juu ya nini? Sababu yenyewe ilibaki mahali pake. Kwa hiyo shika neno hili: tafuta sababu kwanza, kununua kunakuja nyuma.

Diski ya ambreyaji inakaa katikati ya vyuma viwili: upande mmoja volani ya mota (si ile ya mikononi, ni ile sahani nzito nyuma ya mota), upande mwingine plato. Ukiachilia pedali, plato inabana diski juu ya volani, na nguvu ya mota inapita kwenda kwenye magurudumu. Diski ikishika sawasawa, gari inaondoka pole. Ikishika na kuachia, kushika na kuachia, gari inatetemeka.

Tena, usichanganye magonjwa. Gari ikitetemeka katika mbio, angalia magurudumu na kardani. Mota ikipiga kelele lakini gari haiongezi mwendo, na harufu ya kuungua inatoka, diski inateleza. Ikitetemeka asubuhi tu nyuma ya usiku wa mvua, mara mbili tatu halafu basi, ni unyevu na kutu kidogo. Usitumie hata franka moja.

Sasa anza na vitu vya nje, visivyoomba kufungua boati.

1. Mipira inayobeba mota na boati. Ikipasuka, mota inaruka kila mara unapoondoka. Fungua kapo kwenye uwanja sawa, vuta freni ya mkono. Mwenzako akanyage freni ya mguu, atie vitesi ya kwanza na aachilie ambreyaji polepole mpaka mota ianze kuvuta, halafu akanyage tena. Wewe angalia ukisimama pembeni. Mbele ya gari asisimame mtu, hata mtoto! Mota ikiinuka sana, umempata mwizi, na mpira bei yake ni ndogo kuliko ya ambreyaji nzima.

2. Kablo na pedali. Kablo yenye nyuzi zilizokatika, ao iliyokauka, inaachilia kwa kurukaruka. Kama gari inatumia mafuta ya freni kwa ambreyaji, angalia kama hayavuji.

3. Mafuta. Lala chini ya gari, utazame pale mota na boati vinapokutana. Ukiona mafuta yanadondoka, jwenti ya nyuma ya mota ao ya boati imechoka. Diski iliyolowa mafuta haiwezi kushika vizuri. Wengine wanaiosha na esansi, ao kuichoma. Inapona siku chache, halafu inarudia, maana mafuta yameingia ndani kabisa. Na ukiweka diski mpya bila kubadilisha jwenti, umeilowesha nayo pia.

Kama vyote hivyo ni vizima, hapo ndipo boati inashuka. Angalia volani na plato: madoa ya rangi ya buluu yanaonyesha chuma kiliungua; nyufa zinaonyesha hatari, usikirudishe. Volani isiyo na nyufa inaweza kupelekwa kwa fundi wa turu ili uso wake unyoshwe, lakini asipite kipimo cha mtengenezaji. Kwenye diski, angalia resori zilizolegea ao kuvunjika. Kwa kuwa kushusha boati ni kazi ya siku, badilisha pamoja diski, plato na ruleman ya kusukuma.

Wakati wa kufunga, usiguse diski na mikono yenye grisi. Weka upande wake unaotakiwa kuelekea volani, uiweke katikati kabisa, na ufunge buloni za plato kwa kukingamisha, kidogo kidogo. Grisi kwenye meno ya shimo la diski iwe nyembamba sana.

Vijana mnaojifunza kwenye garaji, sikieni neno hili. Lile vumbi jeusi ndani ya ambreyaji msilipulize na hewa ya konpreseri, wala na kinywa. Diski za zamani zilitengenezwa na amianti, na vumbi yake inaleta kansa ya mapafu, pengine miaka makumi nyuma. Panguseni na kitambaa chenye maji, mkitupe ndani ya mfuko uliofungwa, na mnawe mbele ya kula.

Na wewe shofa? Diski mpya uihurumie siku za kwanza, usiondoke na mzigo mzito. Daima ondoka na vitesi ya kwanza, si ya pili. Usipumzishe mguu juu ya pedali. Kwenye mlima, shikilia gari na freni ya mkono, si na ambreyaji. Ambreyaji mbovu inaweza kukuangusha katikati ya mlima, watu wamejaa nyuma, na gari inaanza kurudi.

Fundi mwema atakuonyesha kwanza pyesi iliyoharibika, ndipo ataomba pesa. Umwombe hivyo bila haya.