Mgahawa wa Katonga usihitaji wakili



Ukisikiliza hotuba za uchumi kuhusu Kigoma utasikia vitu vikubwa tu. Reli ya SGR, ambayo mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Meli. Bandari. Soko la Congo na Burundi. Sina ugomvi na hayo, yaje. Lakini leo nataka kuongelea meza tatu, chupa nne za chai na karai la chapati, kwa sababu hapo ndipo kijana wa Katonga anakutana na serikali uso kwa uso.

Binti wa mama mdogo wangu anataka kufungua mgahawa Katonga. Si kwenye jengo la biashara, ni mbele ya nyumba wanayoishi, njia ya kushukia mwaloni. Wateja wapo. Wavuvi wanarudi alfajiri na dagaa, wapo wabebaji, wapo kina mama wanaoanika, wapo bodaboda, wapo wanunuzi waliolala wakisubiri mzigo. Saa kumi na moja asubuhi wote hao wanataka kitu cha moto tumboni. Alichoniomba si mtaji. Alisema, "Dada, wewe unasoma sheria, niambie tu nianzie wapi nisije nikafungiwa."

Jamani, swali hilo limenichosha kuliko mtihani wowote. Kuna Sheria ya Leseni za Biashara ya 1972. Kuna namba ya mlipa kodi. Chakula ni habari ya Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, na tangu 2019 usajili wa majengo ya chakula umehamishwa kutoka TFDA kwenda TBS. Kwa kuwa ile ni nyumba ya kuishi, Sheria ya Mipango Miji ya 2007 nayo inaingia, maana inagusa matumizi ya kiwanja. Halafu sheria ndogo za halmashauri, na tozo zake. Mimi nimekaa maktaba ndiyo nikapata picha. Yeye aliyeishia kidato cha nne aipate wapi?

Kabla hamjaniambia nataka watu wauze chakula kiholela: hapana. Sisi wa Kigoma hatuhitaji kufundishwa kipindupindu ni nini. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, tuliona ugonjwa unavyosafiri na maji ya ziwa. Anayepika apime afya, choo kiwepo, maji ya kunawa yawepo. Hayo nayatetea bila kupepesa macho. Ninachokataa ni mtu kulipia karatasi ambayo hakuna aliyemwonyesha imeandikwa wapi.

Na hapa Katiba iko wazi. Ibara ya 22 inampa kila mtu haki ya kufanya kazi. Ibara ya 138 inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge au mamlaka iliyowezeshwa na sheria hiyo. Maana yake kwa lugha ya mtaani: anayekuja na kitabu cha risiti akuonyeshe sheria yake, na pesa iende serikalini kwa namba ya malipo, siyo mfukoni. Kuuliza hivyo si ukorofi.

Sasa tupige hesabu. Tuseme anauza chai vikombe 20 kwa shilingi 300 na chapati 20 kwa shilingi 500. Hiyo ni 16,000 kwa siku. Toa unga, mafuta, sukari, mkaa, na kijana wa kuchota maji. Akibakiwa na elfu nne amshukuru Mungu. Lakini akifanya kazi siku 250 tu kwa mwaka, mauzo yake yamefika milioni 4. Kile kitambulisho cha mjasiriamali cha shilingi 20,000 kilichozinduliwa Desemba 2018 kilikuwa cha wenye mauzo yasiyozidi hizo milioni 4. Yaani chapati ya ishirini na moja inamtoa kwenye kundi la wanyonge.

Mstari huo unapima mauzo, haupimi faida. Mapema 2024 sukari ilipanda hadi kilo moja ikafika shilingi 4,000 na zaidi sehemu nyingine. Muuza chai akipandisha bei ili asife, kwa macho ya sheria amekuwa tajiri zaidi.

Kuna jambo moja nataka kila mwenye genge, mgahawa au kijiwe alijue, maana halisemwi. Kwa wenye mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7, asiyetunza kumbukumbu anakadiriwa kodi ya shilingi 100,000. Anayetunza analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Ukiuza milioni 5 na una daftari, kodi yako ni 30,000. Tofauti ni shilingi 70,000, na daftari lenyewe halifiki elfu tano. Binti yetu nimeshamnunulia. Anaandika kila jioni, ananuna, lakini anaandika.

Kuna mwezi pia. Mtu anayetunga tozo akiwa ofisini hajui, au anajua na hajali, kwamba uchumi wa Katonga unakwenda na mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa, gizani. Mbalamwezi ikiwa kali boti zinapumzika, mwalo unakuwa kimya, na muuza chai anakunywa chai yake mwenyewe. Kila mwezi! Halafu 2024 ziwa likafungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, miezi mitatu, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Sipingi samaki wapate kuzaliana. Nauliza tu: ziwa linapofungwa, leseni ya mgahawa wa mwaloni inaendelea kuhesabu siku? Inaendelea. Mvuvi angalau anatajwa kwenye mjadala. Mama wa chapati hatajwi kabisa.

Kuhusu mtaji, tunaambiwa kuna mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Iliwekwa kwenye sheria 2018, ikasimamishwa 2023 baada ya CAG kuibua madudu ya vikundi hewa, ikarudishwa 2024. Kigoma Ujiji ikawa miongoni mwa halmashauri kumi za majaribio ya kukopesha kupitia benki. Sawa. Lakini bado inataka kikundi. Mgahawa wa meza tatu hauna kazi ya watu watano. Una kazi ya mtu mmoja na nusu. Ukimlazimisha atafute wenzake wanne wa kujaza fomu, umeshamfundisha kutengeneza kikundi hewa kabla hajakopa.

Kwa nini hili liwe suala la Ngome ya Vijana na siyo la afisa biashara? Kwa sababu mgahawa si tumbo peke yake. Toka 2016 mikutano ya hadhara ilipozuiwa hadi Rais Samia alipoiruhusu Januari 3, 2023, siasa ya nchi hii iliishi kwenye vijiwe vya kahawa. Ujiji mnajua. Kahawa chungu, kashata, na habari zote za taifa kabla ya saa nne. Ila mimi na wasichana wenzangu hatukuwa pale. Kijiwe ni cha wanaume. Msichana akikaa pale nusu saa, habari inafika nyumbani kabla yake. Mgahawa wenye meza na mwanamke mwenzetu jikoni ni kitu kingine. Naweza kukaa na kitabu, na rafiki, na hoja. (Na ikiwezekana nipewe kahawa ya Kalinzi kwetu milimani, siyo ule unga wa pakiti kutoka mbali. Tunalima kahawa halafu tunakunywa vumbi!)

Wapo watakaouliza: 2015 hadi 2020 si chama chenu ndicho kiliongoza Manispaa? Ndiyo. Na 2016 Kigoma Ujiji iliingia kwenye majaribio ya serikali za mitaa ya mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi, kati ya serikali 15 tu duniani. Mwaka uliofuata serikali kuu ikaitoa Tanzania kwenye mpango wote. Lakini kubandika orodha ya tozo ukutani hakuhitaji uanachama wa kimataifa. Kunahitaji gundi.

Kwa hiyo napendekeza hoja ipelekwe kwa madiwani wote, wetu na wasio wetu. Kila ofisi ya mtaa ibandike karatasi moja ya Kiswahili: vibali vyote vya mgahawa mdogo, bei yake, sheria yake, na siku ngapi jibu litoke. Leseni ya biashara za mwaloni isogezwe mbele kwa miezi ambayo ziwa limefungwa kwa amri ya serikali. Na wanaoomba mkopo kwa mgahawa wa mtu mmoja waruhusiwe wawili badala ya watano, mdhamini akiwa mwenyekiti wa mtaa.

Rasimu ninayo. Tutaanza kukusanya saini Katonga mbalamwezi ikipungua, boti zikirudi kazini. Wenye kalamu waje nazo, na wenye njaa wasijali, chapati zitakuwepo, ila zitalipiwa na zitaandikwa kwenye daftari.