Faru alitoka kwetu, wataalamu je?

Wananchi wengi wanaorejea Juba kupitia Nimule au Kaya hawajui kwamba mmoja wa faru mashuhuri kuliko wote duniani alitoka hapa kwetu. Mnyama huyo, aliyeitwa Sudan, alikamatwa mwaka 1975 huko Shambe, kando ya Nile, akiwa bado ndama, akapelekwa bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Ulaya. Desemba 2009 alirudishwa Afrika, lakini si kwao. Alipelekwa hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya, na huko ndiko alikofia Machi 19, 2018.

Katika jamii yake ya faru weupe wa kaskazini aliacha majike wawili tu, Najin binti yake na Fatu mjukuu wake. Wote wawili hawawezi kubeba mimba. Hapo ndipo ilipohitajika kazi ya Profesa Thomas Hildebrandt, daktari wa wanyama wa taasisi ya Leibniz-IZW ya Berlin, ambaye maisha yake yote ya kazi ameyatoa kwa elimu ya uzazi wa wanyama. Agosti 2019 yeye na wenzake, wakiwemo madaktari Wakenya, walianza kuvuna mayai ya majike hao. Mnyama hulazwa kwa dawa ya usingizi, na sindano ndefu huongozwa na ultrasaundi hadi kwenye ovari. Mayai hupelekwa kwa Cesare Galli mjini Cremona, Italia, yakarutubishwa kwa mbegu za madume waliokwisha kufa.

Januari 2024 walitangaza kwamba kiinitete cha faru mweupe wa kusini, kilichopandikizwa kwa majaribio, kilikuwa kimeshika mimba. Kwa bahati mbaya jike mbebaji alikwisha kufa kwa maambukizi ya bakteria, akiwa na kijusi cha siku 70. Hata hivyo njia ilionekana.

Wajerumani, Wacheki, Waitaliano na Wakenya wamo katika kazi hiyo. Sisi wenye Shambe tuko wapi?

Atasema mtu: nchi ina njaa na vita, faru wa nini? Swali hilo ni la haki. Lakini elimu hiyo haiishii kwa faru. Mfanyabiashara anayenunua mtamba kwa bei ya ng'ombe mwenye mimba anamtegemea muuzaji kwa maneno tu, ilhali daktari aliyefunzwa hujua kwa mkono wake kama mimba ipo. Ugonjwa wa kutupa mimba, yaani brusela, humwondolea mfugaji ndama, kisha humwambukiza binadamu kwa maziwa mabichi. Huo nao ni uzazi wa mifugo.

Majirani walianza zamani. Kenya ilikuwa na kituo cha mbegu za madume Kabete tangu mwaka 1946. Uganda ilitunga sheria ya uzalishaji wa mifugo mwaka 2001 na ina kituo chake Entebbe. Tanzania ina kituo cha Usa River, Arusha. Sisemi tukimbilie mbegu za ng'ombe wa Ulaya. Ndorobo na kupe watawamaliza. Tuanze na kupima mimba, kupima brusela na kuchagua madume bora wa kwetu, kuanzia Terekeka.

Kitivo cha tiba ya mifugo tunacho katika Chuo Kikuu cha Bahr el Ghazal, Wau. Wako pia vijana waliosomea fani hiyo Uganda na Kenya wakati wa ukimbizi. Kijana wa namna hiyo akirejea, asiishie kuuza vocha za simu sokoni kwa kukosa darubini na jokofu la chanjo. Serikali impe maabara, hata ndogo. Wafanyabiashara nao wawe tayari kulipia cheti cha afya ya mnyama badala ya kukiona kuwa kero ya mpakani, kwani cheti cha kweli hulinda mtaji wao.

Sudan hakurudi Shambe. Wataalamu wetu bado wanaweza kurudi, wakikuta kuna kazi ya kufanya.