"Umetumwa na Nani?" Si Jibu la Swali la Mwananchi

Tangu Katiba ya mwaka 2010 ianze kutumika, mkazi wa Mumbuni, karibu na mji wa Machakos, huweza kuitwa mara kadhaa kwa mwaka atoe maoni yake. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka hata tarehe: mpango wa maendeleo wa kaunti sharti ufikishwe mbele ya bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mwelekeo wa matumizi ya fedha Februari 28, na makadirio ya bajeti Aprili 30. Msimu huo ukiwadia mahema hupigwa, viti vya plastiki hupangwa, na wananchi huambiwa waulize bila woga.

Malalamiko kuhusu mikutano hiyo si machache. Aghalabu husemwa kwamba notisi huchelewa na kwamba nyaraka ni nene mno. Lakini liko jambo lisilotajwa sana, nalo ni ulimi wa yule anayeongoza mkutano.

Katika mkutano mmoja niliohudhuria, mama mmoja wa makamo alisimama akauliza kwa Kikamba ni kwa nini bomba la maji lililotajwa katika bajeti iliyotangulia halijafika kwao. Aliyeongoza akamjibu kwa swali: "Mama, umetumwa na nani?" Watu wakacheka. Mama akaketi, akaikaza leso yake. Wasemaji wanne waliomfuata walianza wote kwa kushukuru, wakamaliza kwa kushukuru, na habari ya maji haikuguswa tena. Sitautaja mkutano huo ulikuwa wa nani, kwani maneno hayo nimeyasikia kwingine pia, pamoja na ndugu zake: "keti chini, hujui unachosema," na "usituletee siasa hapa."

Yafaa tuyapime maneno hayo. Swali la bomba lina jibu: fedha zilitolewa au hazikutolewa, kandarasi ilitangazwa au haikutangazwa. "Umetumwa na nani" huliacha swali likining'inia, kisha humhukumu muulizaji mbele ya majirani zake kwamba hana akili ya kuuliza kwa nafsi yake. Na wanaohukumiwa si yeye peke yake, kwa maana kila aliyeketi pale hupiga hesabu yake kimya kimya: nikisimama, nitachekwa pia?

Maneno haya yana ukoo mrefu. Baraza la enzi ya mkoloni halikuwa la kuuliza, lilikuwa la kupokea amri. Hapa hapa Ukambani, mwaka 1938, serikali ilipowalazimisha watu wapunguze mifugo yao na ng'ombe wakanyakuliwa kuuzwa, maelfu ya Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu walikwenda Nairobi kwa miguu, wakitaka kusikilizwa na Gavana mwenyewe. Watu hawatembei mwendo huo iwapo wana mahali pa kuulizia nyumbani. Muindi Mbingu akahamishiwa Lamu kwa nguvu. Baada ya uhuru bendera ilibadilika, lakini sheria ya machifu iliendelea kuwapa mamlaka makubwa hadi ilipopunguzwa makali katika mageuzi ya mwaka 1997. Mamlaka yalipunguzwa kwa kalamu. Lugha yake haikufutwa na mtu.

Wako watakaoniambia kwamba wazee wa nzama walikuwa na adabu ya kumsikiliza mtu mpaka mwisho. Huenda ndivyo, ila kina mama na vijana hawakuwa wakiketi katika nzama. Hatuwezi basi kwenda huko kukopa kila kitu. Neno "mwaitu" laweza kukopwa lote, bila shaka, maana kiongozi amwitaye mama hivyo kwa dhati hawezi kuongeza palepale kwamba ametumwa.

Simtetei kila anayeshika kipaza sauti. Kuna asimamaye kuuliza akahutubia dakika kumi, kuna anayepima upepo wa uchaguzi ujao, na kuna anayetukana maofisa hadharani. Mwenyekiti asiyeweza kuwazuia hafai kiti chake. Lakini kuzuia si kudhalilisha. "Mzee, dakika zako zimekwisha, naomba uliseme swali lenyewe" humkatiza mtu pasipo kumvunjia heshima. "Swali lako ni la basari, na leo tunazungumza juu ya maji, karani ataliandika" hulirudisha swali njiani na kumwacha mwenyewe akiwa mzima. Hata yule mtukanaji aambiwe ni neno gani halikubaliki, wala asiambiwe yeye ni mtu wa namna gani.

Wabunge wetu wanaijua tofauti hiyo vyema. Mmoja akimwita mwenzake mwongo, mwingine husimama kwa hoja ya nidhamu, na Spika huamuru neno liondolewe. Kila mmoja wao ni Mheshimiwa. Waheshimiwa hao hao wakija kutusikiliza hemani, mwananchi huwa "wewe wa kofia nyekundu," ilhali yeye hana hoja ya nidhamu ya kumkabili mwenye kiti. Kifungu cha 10 cha Katiba kimetaja ushirikishaji wa wananchi na utu wa binadamu pamoja, miongoni mwa maadili ya taifa. Mahakama ya Juu Zaidi nayo, katika kesi ya kanuni za tumbaku iliyoamuliwa mwaka 2019, ilisema kwamba kushirikisha umma kuwe kwa kweli, si kwa sura tu. Mkutano ambao watu wamenyamazishwa kwa kicheko una sura zote: orodha ya waliohudhuria, sahihi, hata picha.

Ningependa notisi ya mkutano ujao wa Mumbuni iseme, pamoja na saa na mahali, kanuni zinazomfunga anayeongoza: muda ni mmoja kwa wote, hakuna kuuliza mtu katoka kwa nani, na anayeuliza kwa Kikamba ajibiwe kwa Kikamba. Na karani aliandike kila swali kama lilivyoulizwa, kabla mwenyekiti hajafungua kinywa.