Mafuta ya kufika kiwanja cha pili

Wale waliofanya kazi Bisie miaka ile ya 2000 hawawezi kusahau Kilambo. Haikuwa kiwanja cha ndege. Ilikuwa kipande cha barabara ya lami, kwenye njia ya Walikale kwenda Kisangani. Ndege ndogo ikikaribia, askari wanafunga barabara, wenye piki-piki wanasogea pembeni, na ndege inashuka hapo katikati ya pori. Inashusha mchele, chumvi, bia, nguo, vyuma. Inapakia mifuko ya kasiteriti, karibu tani mbili, na inarudi Goma.

Wengi wetu tuliwaangalia wale mapiloti kama watu wa dunia ingine. Kijana amebeba kilo 50 mgongoni toka Bisie mpaka Njingala, siku mbili katika matope, halafu anaona mtu anashuka katika ndege na shati safi, miwani ya jua, saa kwa mkono. Anasema moyoni: huyu, maisha yake imekamilika.

Kumbe haikukamilika. Septemba 2010, Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji wa madini katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Mashimo yakafungwa mpaka Machi 2011. Mchimbaji akakaa bila kazi, hilo munalijua, wengi wenu muliyapitia. Lakini hatukufikiri juu ya yule mwenye shati safi. Kama hakuna mifuko ya kupakia, ndege inaenda Kilambo kufanya nini? Amri moja ilifunga shimo na ikafunga mbingu pia. Mchimbaji na piloti walikuwa wanakula katika sahani moja bila kujuana.

Toka siku hiyo imetokea tena na tena. Machi 2020, juu ya ugonjwa wa Corona, inchi yetu ikafunga safari za ndege za abiria, na zikafunguliwa tena Agosti 15. Dunia nzima mapiloti walibaki nyumbani. Wengi walifukuzwa kabisa, hata kwenye makampuni makubwa ya Ghuba na ya Ulaya. Januari 2025, Goma ikaanguka mikononi mwa M23, kiwanja cha Goma kikafungwa, miezi ikapita bila ndege ya wasafiri kushuka. Machi mwaka huo vita ikafika Walikale-centre. Kampuni ya Alphamin, ambayo inachimba bati kule Bisie toka 2019, ikaondoa watu wake na kusimamisha kazi karibu mwezi mzima. Rubaya nayo, munajua wenyewe iko mikononi mwa nani toka Aprili 2024.

Basi tuseme wazi jambo ambalo tunataka kusema leo. Kazi yenye inategemea shimo moja, barabara moja ao kiwanja kimoja, inaweza kuisha asubuhi moja, na siyo juu mfanyakazi ni mvivu. Sisi watu wa madini tunalijua hilo kwa machozi. Mapiloti wanalijua kwa sheria. Na ile sheria yao, tunaona inafaa iingie katika kila nyumba ya mchimbaji.

Sheria yenyewe ni hii. Piloti wa kazi, mbele ya kuondoka, hapakii mafuta ya kufika kule anakoenda tu. Anapakia ya kufika kule, tena ya kutoka kule mpaka kiwanja cha pili, kama cha kwanza kimefungwa na mvua ao moshi ao risasi. Juu yake tena anaongeza akiba ya dakika 30 ao 45, kufuatana na aina ya injini. Na ile mafuta inapakiwa chini, wakati ndege ingali imesimama. Piloti wa namna hiyo haongezi mafuta akiwa juu ya mawingu.

Sisi je? Tunapakia mafuta ya kufika Jumamosi. Mfuko ukitoka vizuri, tunakula, tunakunywa, tunanunua simu kubwa. Shimo likifungwa, hapo njo tunaanza kuuliza: sasa tufanye biashara gani? Tunatafuta mafuta tukiwa tayari juu.

Kule Malaysia, mwaka 2020, piloti mmoja aliyekuwa amerusha ndege karibu miaka 20 alifukuzwa kazi. Akafungua kibanda cha tambi na mchuzi. Alivaa nguo zake za piloti, na kofia yake, akafunga aproni ya jikoni juu yake. Watu walipiga picha, picha ikazunguka katika simu, na wateja wakapanga mstari. Wengi waliicheka, wengi waliipenda. Sisi tunaona jambo moja: jina lake la piloti halikufa siku ile alipofukuzwa. Alilichukua, akaliweka mbele ya chakula chake, na simu za watu zikamtangazia bure. Kama angeanza ile kazi akingali na mshahara, asingelala usiku hata mmoja na hofu.

Siku hizi mapiloti wengi hawangojei tena kufukuzwa. Anafika hoteli, anangoja siku mbili ndege irudi, na katika zile siku anauza masomo kwa intaneti, ao nguo, ao anatengenezea watu kazi za kompyuta. Hajaacha kurusha ndege. Anajenga kiwanja cha pili angali anapokea mshahara wa kwanza.

Tunajua mtu wa Nyabibwe ao Rubaya atasema: hao wako na hoteli, sisi tuko na hema ya shitingi, hao wako na mtandao, sisi tunapanda kilima kutafuta barre mbili. Ni kweli. Lakini tusidanganyane: simu imeshaingia kwenye shimo. Hela inatembea kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, na mabenki ya Goma yalipofunga milango mwaka 2025, ni hizo simu zilibaki zinalisha familia nyingi. Kijana anayejua kutuma picha ya goli la Barcelona anajua pia kutuma picha ya mafuta ya mawese.

Tunasema basi biashara gani? Siyo ile ya ndoto. Ni ya vitu ambavyo viko karibu na nyumba. Masisi iko na fromaji ambayo inajulikana mpaka Kinshasa, iko na maharagi na viazi. Walikale iko na mawese, mchele na ndizi. Mama ambaye bwana wake anachimba, na shangazi yake yuko Goma ao Kisangani, tayari ni kampuni ya watu wawili: mmoja ananunua huku, mwingine anaonyesha picha kule katika simu, mteja analipa mbele, mzigo unaenda kwa gari ao kwa moto yenye munajua. Anza na bidoni tatu. Zikifika, tuma sita. Hiyo njo biashara ya intaneti. Haihitaji ofisi wala kiyoyozi.

Na mchimbaji mwenyewe, hata asiyeuza kitu, simu inaweza kumfaa leo hii. Kasiteriti ni bati. Bei ya bati inatangazwa kila siku ya kazi kule London, katika soko linaloitwa London Metal Exchange, na mtu yeyote mwenye mega kidogo anaweza kuisoma. Machi 2022 tani moja ilikaribia dola 50,000. Mwisho wa Oktoba ya mwaka uleule ilikuwa chini ya 20,000. Hatusemi mtalipwa bei ya London kwenye mlango wa shimo. Mfuko wenu uko na mchanga ndani, uko na njia, kodi na vizuizi mbele yake. Lakini mnunuzi akisema "bei imeanguka", ni vizuri kujua kama imeanguka kule London ao imeanguka katika kinywa chake tu. Kwa koltani soko kama hilo halipo, na hapo njo munapaswa kuuliza watu watatu mbele ya kuuza kwa mmoja.

Sasa tuseme na mabaya, juu hatutaki mtu aseme tulimpeleka porini.

La kwanza, intaneti iko na wezi kuliko barabara ya Sake. Wazee wanakumbuka Bindo kule Kinshasa: watu waliweka pesa, wakaahidiwa zitazaa mara nyingi kwa siku chache, na mwaka 1991 yote ikaanguka na akiba za maelfu ya nyumba. Bindo haikufa. Leo inakuja katika simu, na jina la kizungu, na picha ya kijana mwenye gari. Sheria yetu ni fupi: kama kazi ni kuingiza watu wengine ili ulipwe, siyo kazi. Kama haujui kitu gani kinauzwa, kinachouzwa ni wewe.

La pili, usionyeshe. Usiweke picha ya mfuko wa madini, wala pesa, wala nyumba mpya, katika simu inayosomwa na kila mtu. Huku kwetu wenye silaha nao wako na simu. Picha ya maharagi inatosha.

La tatu ni usingizi, na hapa tunarudi tena kwa piloti. Ulaya, sheria inakataza piloti kupita masaa 900 ya kuruka kwa mwaka. Hata kama anataka pesa, hata kama boss anataka. Tena daktari anampima kila mwaka, na akizeeka kila miezi sita; mwili ukikataa, kibali kinatoka. Anayefanya biashara ya pili anapaswa kuiweka katika siku zake za kupumzika, na usingizi ubaki palepale. Kwetu hakuna sheria hiyo. Kijana anachimba mchana, usiku mzima yuko na taa ya simu usoni, asubuhi anaingia tena kwenye shimo, macho mekundu. Mtu mchovu haoni ufa ukutani. Haogopi maji yanayotiririka. Biashara ambayo inakuzika siyo kiwanja cha pili. Heri kuuza bidoni mbili na kulala, kuliko kuuza kumi na mama kuletewa habari mbaya. Na kama ni lazima mtu mmoja katika nyumba ashike simu, ashike yule ambaye haingii chini ya ardhi.

La nne: musiache shimo mbele ya wakati. Kuna vijana wanasoma ujumbe mmoja wa kutia moyo, wanauza nyundo na tindo, wanaenda Goma "kufanya online". Baada ya miezi miwili wanaomba nauli ya kurudi. Piloti hashuki katika ndege ya kwanza juu amesikia kiwanja cha pili ni kizuri. Anaruka, na mafuta iko. Biashara yako ikilisha nyumba miezi sita mfululizo bila kugusa pesa ya shimo, hapo kaa na bibi yako, hesabuni pamoja, muamue.

Tuko pia na neno kwa wakubwa. Kooperative zinakata pesa kwa kila mfuko, na mchimbaji mara nyingi hajui zinafanya nini. Tunaomba kitu kidogo: chumba kimoja chenye paneli ya jua, simu moja ao mbili, na ubao mlangoni wenye bei ya bati ya siku hiyo. Haigharimu kama gari la presidenti. Na makampuni ya simu yanayopokea hela zetu kila siku yakumbuke kwamba antena ikilala juma nzima, kuna mama ambaye mzigo wake unaoza njiani juu hakupata ujumbe wa mteja.

Mtatuambia vita ingali iko, na biashara inataka amani. Ni kweli, na hakuna simu inayosimamisha risasi. Lakini ni juu ya vita njo tunasema. Mahali penye amani, mtu anaweza kuishi miaka 30 kwa kazi moja. Hapa kwetu, toka 2010 tumeona amri, ugonjwa, kampuni na majeshi, kila moja kwa zamu yake ikifunga mlango. Hatujui ni mlango gani utafungwa kesho.

Papa unayesoma hii chini ya hema, mama unayesomewa na mtoto: jioni hii hesabuni. Shimo likifungwa kesho asubuhi, nyumba yenu iko na mafuta ya siku ngapi? Kama jibu ni tatu, anzeni na bidoni tatu. Wiki hii, wakati shimo lingali linatoa.