Kocha Anapofungasha Mizigo



Katika kata ya Lipangalala, mjini Ifakara, yupo mwalimu wa shule ya msingi ambaye kila jioni, akishamaliza kusahihisha madaftari, huwafundisha vijana kandanda. Kazi hiyo haimpi mshahara, lakini imempa sifa. Hivi karibuni timu moja ya mjini Morogoro ilimwita awe kocha msaidizi kwa mkataba wa mwaka mmoja. Alirudi nyumbani kwa furaha kubwa. Mkewe, ambaye mpunga wake ulikuwa bado shambani, alimwuliza swali moja tu: “Baba watoto, mwaka huo ukiisha, sisi tutakuwa wapi?”

Mwalimu alikosa jibu, akaja kwangu. Nalijibu hapa hadharani, maana kila mfanyakazi aliyepata kuitwa kwenye kazi kubwa zaidi amekwisha kuulizwa swali hilo nyumbani kwake.

Kwanza tukubaliane kwamba kuhama si usaliti. Kazi ya ukocha ina ngazi zake, na leseni za CAF zenyewe hupanda kutoka D hadi C, kisha B na A. Klabu nazo zina ngazi zao. Januari 2021, Sven Vandenbroeck aliiingiza Simba katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa kuifunga FC Platinum mabao manne. Kabla shangwe hazijatulia alikuwa amekwisha kuondoka, akaenda FAR Rabat ya Morocco. Mwaka 2023 Nasreddine Nabi aliifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho, naye akafuata njia ile ile ya Rabat. Februari 2025 Sead Ramović aliiacha Yanga kwa ajili ya CR Belouizdad ya Algeria, hali hajatimiza hata miezi mitatu. Septemba mwaka huo huo Fadlu Davids, aliyeifikisha Simba fainali ya Shirikisho, alikwenda Raja Casablanca, klabu ambayo hapo awali aliitumikia kama msaidizi.

Mambo haya si ya kwetu peke yetu. Huko Marekani, katika mpira wa kikapu wa vyuo vikuu, chuo cha wastani kikifanya vizuri, vyuo vikubwa humwinda kocha wake. Shaka Smart alikifikisha chuo cha VCU katika nne bora mwaka 2011. Mwaka 2015 alichukuliwa na Texas. Lakini wenzetu wamejifunza jambo moja: aghalabu huandika ndani ya mkataba fidia itakayolipwa kocha akiondoka kabla ya wakati. Hivyo chuo kinachoachwa hakibaki mikono mitupu.

Sasa tumtazame anayebaki. Katika msimu wa 2024/25 Yanga ilifundishwa na Miguel Gamondi, kisha Ramović, kisha Miloud Hamdi, na bado ikatwaa ubingwa. Nyumba yenye nguzo imara haianguki kwa kuondoka mtu mmoja. Lakini klabu zetu nyingi hazina nguzo za namna hiyo. Kocha akiondoka huondoka na daftari lake, na anayekuja huanza upya.

Aidha, tumtazame mwenyeji. Septemba 2022 Zoran Maki alipoiacha Simba, aliyeitwa haraka ni Juma Mgunda kutoka Coastal Union ya Tanga. Januari 2023 akaletwa Robertinho, na Mgunda akarudi kuwa msaidizi. Aprili 2024 Abdelhak Benchikha alipoondoka, Mgunda akaitwa tena. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji ndiye aliyeiponya nyumba mara mbili. Ni vyema viongozi wa klabu wajiulize: mtu anayeaminiwa wakati wa dhoruba, kwa nini haaminiwi bahari inapotulia?

Basi, Mwalimu, nakushauri mambo matatu.

La kwanza, usipande ngazi kwa ahadi ya mdomo. Dai mkataba wa maandishi unaoeleza mshahara, nyumba, na malipo utakayopewa endapo utaachishwa baada ya mechi tatu za kufungwa. Wala usiandike barua ya kuacha ualimu kabla ya kumwuliza mwajiri wako kama unaweza kupata likizo bila malipo. Kocha huajiriwa kwa makofi na kufukuzwa kwa zomea zomea. Chaki haina mambo hayo.

La pili, usihamishe familia yote kwa mkataba wa mwaka mmoja. Watoto wamalize mwaka wao wa shule, na mama avune mpunga wake. Barabara ipo, utakuja kuwaona. Swali la mkeo halikuwa kikwazo. Alikuwa anakusaidia kuhesabu, na hesabu ya nyumba haifanywi na mtu mmoja.

La tatu, usiondoke kabla ya kumwandaa wa kukurithi. Ukiondoka na wale vijana wakatawanyika, utakuwa umejipandisha wewe kwa kuwashusha wao. Mfanyakazi mwema, awe kiwandani, ofisini au uwanjani, hujulikana kwa jinsi kazi inavyoendelea siku ya pili baada ya kuondoka kwake.

Nilipokwisha kumwambia hayo, Mwalimu alinyamaza kwa muda mrefu. Hadi ninapoandika hajatoa uamuzi. Yeye na mkewe wameafikiana kungoja mavuno. Lakini juzi nilipita uwanjani jioni, nikamkuta amekaa pembeni juu ya tofali, daftari mkononi. Filimbi ilikuwa mdomoni mwa kijana mwingine.